Swali Litangulie Kishikwambi

Mazungumzo ya leo nimeyaelekeza kwa walimu, kwa wazazi, na kwa wajumbe wa kamati na bodi za shule, hasa wale ambao shule zao zimepata kompyuta, projekta au vishikwambi katika miaka hii ya karibuni. Jambo lenyewe limenikaa moyoni, na nitalisema wazi.

Tumezoea kupokea habari za vifaa kwa idadi. Shule imekabidhiwa kompyuta kadhaa, mgeni rasmi amekata utepe, watoto wamepiga makofi, picha zimepigwa. Vishikwambi vilivyotumika hapa Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya makarani kumaliza kazi yao, na lilikuwa jambo jema. Majirani zetu wa Kenya walikwishaanza mwaka 2016 kupeleka vifaa vya kidijitali kwa watoto wa madarasa ya chini katika shule za msingi za umma. Mimi nauliza kinachotokea siku ya pili yake, kipindi cha tatu asubuhi, wageni wakiwa wameshaondoka. Mtoto aliyeketi mbele ya kioo kile anafikiri zaidi kuliko alivyokuwa akifikiri mbele ya ubao? Au amebadilishiwa tu mahali pa kunakili?

Mitaala yetu inataka fikra tunduizi. Kule Kenya zimo katika orodha ya umahiri saba wa msingi, na katika orodha hiyo hiyo umo umahiri wa kutumia teknolojia ya kidijitali. Na hili halikuanza juzi. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kuuliza na kupima mambo. Kwa vitendo maana yake ni mtoto kusikia kauli, akauliza imejulikanaje, akatafuta namna ya kuijaribu, kisha akawa tayari kuiacha kauli yake mwenyewe pale ushahidi unapomkataa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hata kwetu watu wazima.

Mfano mkubwa wa jambo hili ninaoujua ulitokea hapa kwetu, na kifaa chenyewe kilikuwa jokofu.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye jokofu la shule. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja, kwa kuchelea kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, akamimina kwenye trei, akawahi. Mpemba akaona akingoja yake yapoe hatapata pa kuweka. Akajitosa, akaingiza maziwa yakiwa ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameshaganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganya mambo, haiwezekani. Siku ile aliamini. Lakini baadaye, katika mji wa Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ungali moto, kwa sababu huganda upesi. Swali likafufuka. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, na darasa likawa linasoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaliuliza tena. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haihusiani na fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu hapo kila alipokosea jambo wenzake walimtania kwa jina hilo.

Angalia alichofanya kijana huyu. Alasiri moja alikuta mlango wa maabara ya biolojia uko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akajaza maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviingiza vyote kwenye jokofu la maabara. Baada ya saa moja akaenda kutazama. Maji hayakuwa yameganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile chombo kilichoanza na maji ya moto. Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya watu wote akamwuliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo mmoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikiingizwa pamoja, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Nakirudia kisa cha yule fundi kwa sababu ndani yake yamo mengi ya shule zetu. Kifaa kilikuwa kimekwisha kusema. Yeye alikuwa akingoja kiseme kile kilichoandikwa kitabuni.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la ufundishaji wa fizikia, na tangu hapo jina la kijana wa Magamba linatajwa katika maabara za dunia nzima. Ubishi nao haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha majaribio yao wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea, na kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto ndani ya chombo panaweza kubadilisha jibu. Mwalimu unayenisikiliza, hii ni zawadi kwako. Ni swali lililozaliwa Tanzania, limeanza na maziwa na sukari, wataalamu bado wanalibishania, na kulijaribu kunataka friji na vipimajoto viwili tu.

Jokofu la Magamba halikuwekwa pale kufundishia. Likawa chombo cha fikra siku kijana alipolipelekea dai lake na kulitaka ushahidi. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: kifaa cha darasani humjenga mtoto kifikra pale tu mtoto anapokuwa ameshasema anachoamini kabla kifaa hakijasema lolote. Mambo yakigeuzwa, kifaa kikatangulia kutoa jibu, mtoto hana cha kufanya ila kupokea. Na ule mlango uliokuwa wazi alasiri ile nao una neno kwetu. Shule nyingi zina chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja. Sababu inafahamika: vifaa ni ghali, vikiharibika mkuu wa shule ndiye atakayeulizwa, na wezi wapo. Lakini kompyuta iliyofunikwa kitambaa ndani ya chumba kilichofungwa inazeeka vilevile, na mtoto aliyekuwa na swali alasiri ile amekwenda zake nyumbani.

Teknolojia inaweza pia kurudisha fikra nyuma, na hili tumeliona. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine inayosoma karatasi za majibu. Ili mashine iweze kusoma, maswali yakawa ya kuchagua herufi, hata ya hisabati. Nia ilieleweka: watahiniwa ni wengi mno, na usahihishaji wa mikono ulikuwa mzigo. Lakini mtihani ndio unaoamrisha darasa. Mtoto akishajua kwamba hakuna atakayetazama njia yake ya kukokotoa, njia inakufa. Walimu wakaanza kufundisha mbinu za kubashiri herufi, wazazi wakanunua vitabu vya maswali ya kuchagua. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa, na ilikuwa sahihi. Huwezi kumlaumu mwalimu kwa kutofundisha mabishano ya hoja ikiwa mwisho wa mwaka mwanafunzi wake atapimwa kwa kusiliba viduara.

Sasa nikueleze kipindi kimoja kinavyoweza kwenda, msikilizaji, ili tusizungumzie hewani. Ni kidato cha pili, mada ni umeme. Darasa lina wanafunzi wengi, kompyuta mpakato ni moja ya mwalimu, projekta ni moja. Ndani ya kompyuta mwalimu ameshapakua programu ya majaribio ya fizikia iitwayo PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mwanafizikia mshindi wa Tuzo ya Nobel. Haina malipo, na ukishaipakua huhitaji intaneti.

Mwalimu hawashi projekta. Anachora ubaoni betri moja na globu mbili za tochi zinazofanana, zimeunganishwa kwa mfululizo. Anauliza: ipi itawaka zaidi, ya kwanza, ya pili, au zitalingana? Kila mmoja aandike jibu kwenye daftari, na chini yake sababu. Dakika tatu, hakuna kuzungumza. Kisha mikono inyooshwe, na hesabu iandikwe ubaoni. Utaona wengi wamechagua ya kwanza. Waulize, watakwambia umeme unapita kwenye globu ya kwanza, inautumia, ya pili inapata masalia. Ni hoja yenye akili. Hivyo ndivyo chakula kinavyopungua kwenye sinia na maji kwenye ndoo. Usiicheke.

Halafu kila mwanafunzi ageukie jirani yake aliyejibu tofauti, amshawishi. Darasa litapiga kelele, na mkuu wa shule akipita dirishani atadhani mwalimu ametoka. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard amekuwa akifundisha fizikia kwa njia hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: swali, kura ya kila mtu peke yake, mabishano ya wawili wawili, kura tena. Baadhi ya vyuo hupiga kura kwa vifaa vya kielektroniki. Kadi za boksi zilizoandikwa A, B, C zinafanya kazi ileile.

Baada ya kura ya pili ndipo projekta iwashwe. Saketi inajengwa mbele ya wote, na globu zinawaka sawa. Mwalimu anaweka ammita kabla ya globu ya kwanza, halafu katikati, halafu baada ya ya pili. Namba haibadiliki. Nusu ya darasa inashangilia na nusu inaguna, na kila mmoja ana sababu ya kutazama kwa sababu ameshaweka jina lake upande mmoja.

Wengi wangeishia hapo, lakini mimi naona hapa ndipo kipindi kinapoanza kunoga. Mwalimu anatoa betri halisi na globu mbili halisi kutoka tochi za dukani, anaunganisha. Mara nyingi hazitalingana kabisa, moja itazidi kidogo. Hapo mwanafunzi mmoja atainuka aseme kompyuta inadanganya. Mwalimu mwenye subira hamjibu. Anauliza: tutajuaje tatizo liko wapi? Mmoja atasema tubadilishane nafasi za globu. Wakibadilishana, ile yenye mwanga mkubwa ikaendelea kuwa na mwanga mkubwa hata ikiwa ya pili, basi nafasi haina hatia, tofauti imo kwenye globu zenyewe. Mwingine atauliza kwa nini kompyuta haikuonyesha tofauti hiyo, na mwalimu atawaambia ukweli: waliotengeneza programu ndio walioamua kwamba globu zote zifanane. Mtoto wa miaka 15 akishalielewa hilo, kwamba nyuma ya kila kioo wapo watu walioamua nini kionekane na nini kiachwe, amepata kitu atakachokitumia mpaka uzeeni, awe anatazama ramani, takwimu za uchaguzi au tangazo la dawa.

Nimetaja dawa, na hilo linanipeleka Uganda, ambako imefanyika kazi ninayotamani kila mwalimu wa Afrika Mashariki aijue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula, wakishirikiana na wenzao wa Norway, walijiuliza kama watoto wa darasa la tano wanaweza kufundishwa kupima madai ya matibabu. Yale madai tunayoyajua wote: jipake kinyesi cha ng'ombe ulipoungua, kunywa hiki kwa kuwa jirani alipona. Wakatengeneza kitabu cha hadithi za picha na masomo tisa ya muhula mmoja. Shule 120 zilihusika, na watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilipata masomo, nusu hazikupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet: katika shule zilizofundishwa, watoto 69 katika kila 100 walifaulu mtihani wa kupima madai, na katika zile nyingine ni 27 tu katika 100. Hiyo si tofauti ndogo.

Kifaa cha watoto hao kilikuwa kitabu cha picha, chaki na ubao. Umeme haukuhitajika. Watafiti walipoendelea hadi sekondari, katika Kenya, Uganda na Rwanda, walitengeneza masomo ya kidijitali, na hapa walionyesha busara kubwa: waliyaandaa ili mwalimu ayafungue kwenye simu yake mwenyewe, ajiandae, kisha aingie darasani na chaki tu kama shule haina projekta. Teknolojia ikawa mfukoni mwa mwalimu, na mbele ya wanafunzi likabaki swali na mabishano. Majaribio hayo ya mwaka 2022 nayo yalionyesha wanafunzi waliofundishwa wakiwapita wenzao kwa mbali.

Wazazi wa Uganda nao walitengenezewa vipindi vya kusikiliza vyenye mafunzo hayohayo. Mwanzoni walifanya vizuri sana. Baada ya mwaka mmoja, sehemu kubwa ya waliyojifunza ilikuwa imepotea. Mimi ninayeongea nawe kwa njia ya redio nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Nadhani msikilizaji aliye peke yake jikoni hana mtu wa kumwambia: hapana, hebu nieleze kwa nini. Darasani mtu huyo yupo, na ni jirani wa dawati.

Hata hivyo redio nayo ilishaonyesha njia. Kule Zanzibar, tangu mwaka 2006, ulikuwepo mradi wa kufundisha watoto wadogo kwa redio, na kipindi chao kiliitwa Tucheze Tujifunze. Ufundi wa vipindi vya namna hii ni kwamba sauti ya redioni huuliza swali, kisha hunyamaza. Kimya hicho kimepangwa na kurekodiwa. Watoto hujibu kwa sauti, wakacheza, wakahesabu mawe mikononi, halafu ndipo redio inaendelea na kusema jibu. Yaani chombo ambacho kwa asili yake hakisikii kimetengenezewa adabu ya kumngoja mtoto. Ukilinganisha na programu nyingi za simu, ambazo mtoto akikawia kidogo tu zinamwashia kitufe cha kijani kumwonyesha jibu, utaona kuwa umri wa teknolojia si kipimo cha ubora wake.

Namheshimu pia mtu anayesema kwamba kwanza watoto wajue kusoma, hayo ya fikra yatafuata. Ana hoja. Mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2017, yalifanyika mashindano ya kimataifa ya XPRIZE ambapo vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili vilipelekwa katika vijiji 170, vikichajiwa kwa nguvu ya jua, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule. Wengi walijifunza herufi, maneno na kuhesabu bila mwalimu wa darasani. Sikulitegemea jambo kama hilo na limenifurahisha. Lakini kusoma neno ni jambo lenye jibu moja, na mashine inaweza kumsahihisha mtoto mara mia bila kuchoka. Kupima kama neno lile ni la kweli ni kazi ya aina nyingine, na humo ndimo binadamu mwingine anapohitajika.

Chukua ujumbe wa WhatsApp unaosambazwa kwenye kundi la ukoo, kwamba matunda fulani yanaponya kisukari. Namna ya kuupima ipo, na inafundishika. Profesa Sam Wineburg wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwenzake waliwakalisha wanahistoria wenye shahada za udaktari, wanafunzi wa chuo, na wakaguzi wa habari, wakawapa tovuti za kuzipima. Wasomi walizama ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini, wakavutiwa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu, na wengi wakadanganyika. Wakaguzi wa habari walitoka nje ya ukurasa ule mapema, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: hawa ni nani, nani anawalipa, wengine wanasema nini juu yao? Somo hilo linafundishika kwa kishikwambi kimoja cha mwalimu na dakika 40. Na mtoto akilipeleka nyumbani, awe na heshima: shikamoo bibi, huu ujumbe tumetumiwa na nani, na yeye aliupata wapi? Bibi hataona ametukanwa.

Nimalizie na hii akili mnemba, maana walimu wananiuliza kila mahali. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, mwanafunzi yeyote mwenye simu ya ndugu yake anaweza kuandikiwa insha nzima kwa Kiswahili kilichonyooka. Tatizo kubwa kuliko udanganyifu ni lile la mpangilio nililolisema: jibu limewahi kabla mtoto hajaamini lolote. Na linakuja kwa sauti ya uhakika, liwe sahihi au la.

Kupiga marufuku peke yake hakutoshi, kwa sababu shuleni simu haziruhusiwi lakini nyumbani zipo. Ninapendekeza mwalimu aiingize darasani kwa masharti yake. Mada iwe ya kata yenu: mbegu gani ya mahindi inafaa kupandwa hapa, na lini. Wanafunzi waandike kwanza, kwa kalamu, wanachojua kutoka shambani kwao. Kisha mwalimu aulize programu mbele yao, asome jibu kwa sauti. Kazi ya vikundi ni kuchambua kila sentensi ya jibu lile: hii tunaikubali kwa ushahidi gani, hii tunaikataa kwa nini, hii tumwulize bwana shamba. Siku hiyo mtoto wa mkulima ataikosoa mashine iliyomeza vitabu vya dunia nzima, kwa kuwa yeye anajua udongo wa bondeni unatuamisha maji na mashine haijui. Na mahali pengine mashine itamkosoa yeye, kwa mfano katika kupima nafasi kati ya mashimo, naye atalazimika kukubali.

Kazi ya namna hii inahitaji alama, kwa sababu mwanafunzi wetu anajua kusoma macho ya mwalimu: kisichopewa alama si muhimu. Walimu, upimaji wa darasani uko mikononi mwenu hata kama mtihani wa taifa hauko. Katika zoezi la globu au la mbegu, weka alama moja kwa jibu na tatu kwa sababu. Mpe alama zake aliyekosea jibu lakini akaeleza vizuri alichoamini mwanzo, alichokiona, na kwa nini amebadili mawazo. Na wewe mzazi mwenzangu, daftari likiletwa nyumbani na jibu limekatwa kwa kalamu nyekundu lakini pembeni mwalimu ameandika tatu juu ya nne, usimkimbilie mwalimu kuuliza amekosea wapi kujumlisha. Mwambie mtoto akusomee alichoandika.